Somo la 7: Mtu Aliye Ndani ya Silaha

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mathayo 5:38–42; Mathayo 28:11–15; Marko 15:15–21; Luka 3:7–14; Matendo 10:1–24; 2 Timotheo 2:3, 4.

Fungu la Kukariri: 2 Timotheo 2:4. Lisome katika Biblia yako kila siku ya juma hili, mpaka uweze kulisema bila kutazama.

Washiriki wa Shule ya Sabato wanaposikia habari za askari wa Kirumi, mawazo yao huenda moja kwa moja kwenye Waefeso 6: chapeo, dirii, ngao, upanga. Silaha hizo zimehubiriwa mara nyingi, na watoto wamezichora darasani. Lakini ndani ya silaha zile alikuwamo mtu. Alikuwa na kiapo, mzigo begani, mshahara uliokatwa kabla haujamfikia, na mkubwa aliyempa amri.

Askari wa miguu ndio waliokuwa nguvu ya jeshi la Rumi. Wanane walilala katika hema moja na kula pamoja. Themanini hivi walikuwa chini ya akida mmoja. Legioni nzima ilikuwa na watu wapatao 5,000. Siku za Yesu legioni zilikaa Shamu, upande wa kaskazini. Pilato katika Uyahudi alitumia vikosi vya wasaidizi, na wengi wa askari hao waliandikishwa katika miji ya Kaisaria na Sebaste, katika nchi ile ile. Kwa hiyo yamkini askari waliomwongoza Yesu kwenda Golgotha hawakuwa wageni kutoka Italia. Walikuwa watu wa jirani.

Juma hili tutamtazama mtu huyo, na kuuliza swali moja: Mtu aliye chini ya amri ya wengine atakuwaje mwaminifu kwa Mungu? Swali hili haliwahusu askari peke yao. Katika makanisa yetu wamo polisi, walinzi wa usiku, makarani, madereva na watumishi wa nyumbani. Kila mmoja wao ana mkubwa wake.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Kiapo

Soma 2 Timotheo 2:3, 4. Paulo anasema ni nini hasa kinachomtofautisha askari na watu wengine?

Mtu alipoandikishwa katika jeshi la Rumi, jambo kubwa la kwanza lilikuwa kiapo. Aliapa kumfuata jemadari wake, na baadaye, katika siku za makaisari, aliapa kuwa mwaminifu kwa Kaisari mwenyewe. Kiapo hicho kilirudiwa kila mwaka mwezi wa Januari. Tangu siku za Augusto, askari wa legioni alifungwa na utumishi wa miaka 20 au zaidi. Wasaidizi walitumikia miaka 25. Muda huo wote sheria haikumruhusu askari wa kawaida kufunga ndoa halali. Wengi waliishi na wanawake na kuzaa watoto, lakini mbele ya sheria hawakuwa na mke. Timotheo alipoambiwa kwamba askari hajifungi na shughuli za maisha ya kawaida, aliyajua mambo haya. Alikuwa amewaona watu waliotoa miaka yao bora kwa yule aliyewaandika.

Wayahudi wengi waliogopa utumishi huo, na sababu mojawapo ilikuwa Sabato. Mwaka 43 KK, kwa ombi la kuhani mkuu Hirkano, liwali Mrumi aitwaye Dolabella aliandikia mji wa Efeso kwamba Wayahudi wasilazimishwe kuingia jeshini. Sababu iliandikwa wazi: siku ya Sabato hawawezi kubeba silaha wala kusafiri, na chakula cha desturi yao hakipatikani kambini. Hata watawala wapagani walitambua kwamba mtu hawezi kutimiza viapo viwili vinavyovutana.

Namna ya kuapa nayo ina fundisho. Katika desturi ya kale, mtu mmoja alichaguliwa kutamka kiapo chote. Wengine walipita mbele mmoja mmoja na kusema kwa kifupi tu kwamba nao vivyo hivyo. Baadaye Wakristo walionena Kilatini, kama Tertulliano wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, walilichukua neno lile lile la kiapo cha askari na kulitumia kwa ubatizo.

Mwishoni mwa mahubiri ya hadhara au makambi, watu wengi husimama kwa pamoja kwenye ukingo wa maji. Maswali husomwa, na mikono huinuliwa yote mara moja. Ni siku ya furaha. Lakini inawezekana mtu akainua mkono kwa sababu jirani yake ameuinua. Ahadi aliyoitoa kwa kufuata wengine itamwia vigumu siku atakapobaki peke yake kazini, Ijumaa jua likizama, na msimamizi akimwambia abaki.

Kumbuka siku ya ubatizo wako. Ni ahadi gani uliyoitoa siku ile ambayo leo unapaswa kuisema tena kwa kinywa chako mwenyewe?

JUMATATU
Mzigo na Maili Moja

Soma Mathayo 5:38–42 na Marko 15:20, 21. Ni jambo gani linaloyaunganisha mafungu haya?

Yosefo, mwandishi wa Kiyahudi aliyeiona vita ya Rumi na Wayahudi kwa macho yake, aliandika kwamba askari wa miguu wa Kirumi alibeba msumeno, kikapu, sururu, shoka, mundu, kamba ya ngozi, mnyororo na chakula cha siku tatu, mbali na silaha zake. Alimfananisha na nyumbu wa mizigo. Katika mazoezi askari alitakiwa kutembea maili 20 za Kirumi, karibu kilomita 30, kwa saa tano za siku ya kiangazi. Jioni, jeshi likiwa safarini katika nchi ya adui, alipaswa kuchimba handaki na kusimamisha ukuta wa kambi kabla ya kulala.

Mtu aliyechoka namna hiyo huutafuta mgongo wa mwingine. Utawala ulimpa askari nafasi ya kumlazimisha mwenyeji abebe mzigo au atoe mnyama wake. Neno la Kiyunani alilolitumia Yesu katika Mathayo 5:41 ndilo lililoeleza desturi hiyo. Neno hilo hilo linatokea tena njiani kuelekea Golgotha, askari walipomshika Simoni Mkirene, mtu wa Afrika ya Kaskazini aliyekuwa akitoka shamba, na kumtwika msalaba.

Maili ya Kirumi ilikuwa hatua 1,000 za miguu miwili, karibu mita 1,480. Mkulima aliyelazimishwa alizihesabu hatua hizo moja moja, na moyo wake ulihesabu kitu kingine: dharau. Yesu hakusema kwamba desturi ile ilikuwa ya haki. Alisema nini mtu wa ufalme wake afanye anapokutana nayo. Maili ya kwanza ni ya Kaisari, kwa kuwa imetozwa kwa nguvu. Maili ya pili hakuna awezaye kuitoza. Hapo aliyelazimishwa anakuwa mtu huru, na askari kwa mara ya kwanza analazimika kumtazama usoni mtu aliyembebesha mzigo.

Tuwe waangalifu hapa. Fundisho hili lisitumiwe kumfunga mdomo mtu anayeonewa, wala kumwambia mke anayepigwa avumilie kipigo cha pili. Yesu mwenyewe alipopigwa kofi barazani aliuliza sababu (Yohana 18:23). Maili ya pili hutolewa kwa hiari. Ikilazimishwa, hata na mhubiri, inarudi kuwa maili ya kwanza.

Ni nani aliyekubebesha mzigo usio wako? Je, kuna maili ya pili ambayo Mungu anakuita kuitoa kwa hiari, au ni wakati wa kuuliza sababu kama Yesu?

JUMANNE
Mshahara

Soma Luka 3:7–14. Askari waliuliza nini, na Yohana aliwajibu mambo gani matatu?

Luka hatuambii askari hawa walikuwa wa kikosi gani. Anatuambia kwamba walisimama Yordani pamoja na watoza ushuru, na kuuliza swali lile lile wengine waliloliuliza: wafanye nini? Yohana aliwajibu wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu makosa, na waridhike na malipo yao. Mambo mawili ya kwanza yanatoka katika la tatu. Askari asiyeridhika na malipo yake anajua wapi pa kupata nyongeza.

Malipo hayo yalikuwaje? Askari wa legioni katika siku za Yesu alilipwa dinari 225 kwa mwaka, kwa awamu tatu. Kibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20:2 alipatana kwa dinari moja kwa siku. Tena fedha za askari hazikumfikia zote. Karatasi ya mafunjo iliyopatikana Misri, ya karibu mwaka 81 BK, imehifadhi hesabu ya askari mmoja. Katika awamu ya kwanza aliandikiwa drakma 248. Zikakatwa 80 za chakula, 60 za nguo, 20 za sikukuu ya kambini, 12 za viatu na mikanda, na 10 za majani makavu. Makato yote yalikuwa drakma 182, akabakiwa na 66.

Kila mfanyakazi aliyewahi kupokea karatasi ya mshahara yenye makato anaielewa hesabu hii. Anaelewa pia jaribu linaloifuata. Mlinzi langoni, askari barabarani, karani mwenye muhuri, wote wana mamlaka kidogo na mfuko mwepesi. Kitu kidogo kinaonekana kuwa fidia tu ya kile ambacho mwajiri hakukitoa. Yohana aliijua hali hiyo, na hakuwaahidi nyongeza. Aliwaonyesha kwamba anayeilipa fidia ile ni mjane mwenye kikapu cha mboga.

Neno la Kiyunani lililotafsiriwa mishahara katika Luka 3:14 ni lile lile alilolitumia Paulo katika Warumi 6:23, anaposema kile ambacho dhambi humlipa mtumishi wake. Ni neno la jeshini, lenye maana ya posho ya askari. Dhambi nayo inaandikisha, inalipa kwa awamu, na haikosei siku ya malipo. Kisha katika fungu hilo hilo Paulo anaacha lugha ya mshahara. Uzima wa milele anauita karama, yaani kitu ambacho hakuna awezaye kukitumikia ili alipwe.

Kanisa lifanye nini ili mshiriki mwenye mshahara mdogo asiachwe peke yake kupigana na jaribu la rushwa?

JUMATANO
Amri, na Yaliyozidi Amri

Soma Marko 15:15–20. Pilato aliamuru nini? Askari walifanya nini zaidi ya hayo?

Nidhamu ya jeshi la Rumi ilikuwa kali. Akida alichukua fimbo ya mzabibu, na aliitumia. Askari aliyemwacha mfungwa kutoroka angeweza kulipa kwa uhai wake. Kwa sababu hiyo Herode aliamuru walinzi wa Petro wauawe (Matendo 12:19), na askari waliokuwa melini pamoja na Paulo walitaka kuwaua wafungwa wote wasije wakaogelea na kukimbia (Matendo 27:42). Askari wa miguu hakuulizwa maoni. Akiulizwa baadaye kwa nini alitenda jambo fulani, jibu lake lilikuwa tayari: aliamriwa.

Sasa itazame tena ile baraza ya Pilato. Amri ilikuwa mbili: Yesu apigwe mijeledi, kisha asulibiwe. Vazi la zambarau halikuamriwa. Taji ya miiba haikuamriwa. Mate, magoti ya dhihaka na mapigo ya mwanzi kichwani hayakuwa katika agizo la liwali. Askari waliwaita wenzao wa kikosi kizima, wakayabuni wenyewe. Hao ni watu waliozoea kupigwa na wakubwa wao, na sasa wamempata mtu wa kumpiga bila kuulizwa.

Hapa ndipo maneno "niliamriwa tu" yanapoonekana udhaifu wake. Mara nyingi mtu aliye chini huongeza kitu chake juu ya amri. Mwalimu anaambiwa asimamie nidhamu, naye anaongeza matusi. Muuguzi anaambiwa awapange wagonjwa kwenye foleni, naye anaongeza dharau kwa mama mzee asiyejua kusoma. Msimamizi wa nyumba anaambiwa adai kodi, naye anaongeza kuwatolea watu vyombo mvua ikinyesha. Siku ya hukumu itamwuliza kila mtu juu ya amri aliyoitii, na pia juu ya alichokiongeza.

Soma Mathayo 28:11–15. Askari waliolinda kaburi walikuwa miongoni mwa mashahidi wa kwanza wa mambo ya asubuhi ya ufufuo. Walipewa fedha nyingi ili waseme walikuwa wamelala. Walioufungua ukweli mjini kwa hofu, waliufunga tena kwa malipo.

Hata hivyo, tusisahau ombi la msalabani katika Luka 23:34. Wanne wale waliogawana mavazi chini ya msalaba (Yohana 19:23) walikuwa karibu kabisa kulisikia. Msamaha uliombwa kwa ajili yao wakati mikono yao ingali na damu.

Katika kazi yako au nyumbani kwako, ni nini unachokiongeza juu ya wajibu wako: ukali, au rehema?

ALHAMISI
Askari Mtauwa

Soma Matendo 10:1–24. Kornelio aliwatuma watu gani kwenda Yafa, na Luka anasema nini juu ya mmoja wao?

Kornelio akida anajulikana na kila mwanafunzi wa Biblia. Lakini katika aya ya 7 yumo mtu mwingine, asiyetajwa jina. Alikuwa askari wa kawaida aliyemhudumia Kornelio daima, na Luka anamwita mtauwa. Neno moja tu. Ndani ya jeshi lile lile lenye kiapo kwa Kaisari, mzigo, makato na fimbo ya akida, alikuwapo askari wa miguu aliyemcha Mungu.

Tazama alivyoitumikia amri. Kornelio aliwaeleza wajumbe wote watatu habari ya maono yake, kisha akawatuma. Kutoka Kaisaria hadi Yafa ni kama kilomita 50 kufuata pwani. Maono yalikuja karibu saa tisa alasiri, na kesho yake kama saa sita mchana wajumbe walikuwa wakiukaribia mji. Walisafiri usiku.

Walipofika nyumbani kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, walisimama mlangoni, wakaita, wakauliza kama Petro anakaa pale. Kumbuka somo la Jumatatu. Watu wa nchi ile walizoea askari anayelazimisha. Huyu alibisha hodi na kungoja.

Ndani, Roho alimwambia Petro ashuke, aende nao bila shaka yoyote. Petro akawakaribisha, wakalala pale. Usiku ule askari wa Rumi alilala chini ya dari moja na mtume Myahudi, jambo ambalo siku moja kabla Petro angelikataa. Asubuhi Petro alifunga safari ya kilomita 50 pamoja na ndugu wa Yafa. Hakuna aliyemtwika mzigo. Mguu wake wa hiari uliulipa mguu wa hiari wa askari, na mwisho wa njia ile Roho Mtakatifu aliwashukia wote waliolisikia neno (Matendo 10:44). Injili iliingia kwa Mataifa kwa mlango ambao askari wa miguu aliubisha.

Hilo ndilo jibu la swali la juma hili. Kuwa chini ya amri hakukumzuia askari huyu kumcha Mungu, na kumcha Mungu hakukumfanya awe mtumishi mzembe. Alijua Bwana aliye juu ya bwana wake ni nani. Kwa hiyo aliweza kutii kwa moyo amri iliyokuwa njema, na hakuongeza juu yake ubabe wowote.

Ni huduma gani ndogo, isiyotajwa jina lako, ambayo Mungu ameiweka mkononi mwako juma hili?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Tarehe 12 Machi 295, katika mji wa Tebessa, ulioko Algeria ya leo, kijana Mkristo wa miaka 21 aitwaye Maximilianus alipelekwa mbele ya liwali Dion aandikishwe jeshini. Baba yake, Fabius Victor, alikuwapo. Kijana alipimwa urefu, akafaa. Lakini alikataa kuvaa shingoni muhuri wa risasi wa askari, kwa kuwa alikuwa amekwisha kupokea alama ya Kristo. Liwali alimkumbusha kwamba hata katika ulinzi wa makaisari walikuwamo askari Wakristo. Kijana hakuwahukumu. Alijibu kwamba wao wanajua linalowapasa wao, lakini yeye ni Mkristo na hawezi kutenda mabaya. Akakatwa kichwa siku ile.

Mwaka 1864, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, viongozi wa kanisa letu waliiomba serikali iwatambue washiriki kuwa watu wasiobeba silaha. Kanisa limeendelea kuwashauri washiriki wake hivyo, huku likimwachia kila mmoja uamuzi wa dhamiri yake mbele za Mungu.

Maswali ya Kujadili:

1. Askari wa Kornelio alimcha Mungu akiwa ndani ya jeshi; Maximilianus alikufa kwa kukataa kuingia. Je, wote wawili waweza kuwa waaminifu? Darasa lenu litawapokeaje washiriki walioamua tofauti juu ya jambo kama hili?

2. Mshiriki mpya ni mlinzi wa kampuni, na zamu yake huangukia Sabato. Ana watoto wanne na hana kazi nyingine. Zaidi ya kumwambia awe na imani, kanisa mahalia linaweza kumfanyia nini?

3. Yohana hakuwaambia askari waache kazi, bali waache dhuluma. Ni kazi gani leo ambazo mtu anaweza kubaki nazo akibadilika, na ni zipi ambazo hana budi kuziacha?

4. Ni rahisi kuwalaani askari wa Golgotha. Je, wewe na wenzako mmewahi kumdhihaki mtu aliyekwisha kuhukumiwa na wakubwa, iwe kanisani, kazini au kijijini? Mnaweza kufanya nini sasa kwa ajili yake?